Picha ya Kumaliza Matanga

Mjini Arua wafu wengi huvaa suti moja. Ni suti nyeusi, shati jeupe, tai ya rangi ya damu ya mzee, nami naujua kila mkunjo wake kwa sababu nimeiona ikivalishwa wakulima, walimu, waendesha pikipiki na katekista mmoja mnene ambaye mabega yake hayakuenea. Inakaa kwenye kompyuta za studio za picha, ndani ya folda ya miili isiyo na vichwa: suti za wanaume, gomesi za wanawake, kanzu kwa wanaozihitaji. Mtu akifa, jamaa zake wanaleta picha yoyote waliyo nayo, hata ya kifua wazi shambani. Fundi wa studio anakata kichwa, anakipandisha juu ya suti, nyuma anaweka anga la buluu lenye mawingu, na kazi imekwisha. Mtu ambaye hakuwahi kufunga tai maishani anasindikizwa na tai. Wala hakuna anayecheka, maana marehemu akitoka bila suti watu watasema ukoo umemtupa.

Niliyajua hayo kabla ya kwenda kusomea picha. Kaka yangu mkubwa alikuwa mpiga picha wa harusi, ubatizo na kipaimara huko Koboko, na kazi za wafu zilimjia pia, hata akizikataa. Alinionesha ile folda siku moja, akazifungua suti moja baada ya nyingine kama muuza mitumba. Nilipomwambia ni uongo alisema si uongo, ni heshima, na kwamba mimi nikiwa msanii nitalala njaa na ukweli wangu. Alikuwa na ulimi huo. Nami nina wangu, ndiyo sababu tulipendana.

Chuo changu cha sanaa kilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa Ombaci. Mwaka wa kwanza tulichora kwa mkaa mpaka makamasi yakawa meusi. Halafu rangi, halafu udongo, na mwaka wa pili ndipo uliruhusiwa kugusa kompyuta. Mwalimu wetu wa picha za kompyuta, mama mmoja mrefu asiyependa kelele, alisema kompyuta ni penseli ya bei ghali na asiyejua kuchora atachora vibaya kwa bei ghali. Alitufundisha tabaka: kila kitu kinakaa kwenye karatasi yake angavu, nywele hapa, shingo pale, kivuli kule, zote zimelazwa moja juu ya nyingine, na ukikosea unafunua ile moja tu bila kuvuruga zilizobaki. Alitufundisha kuuliza mwanga unatoka wapi. Picha ya kuunganisha, alisema, haimfichui mwongo kwa mkasi wake bali kwa mwanga. Pua ya asubuhi haikai kwenye shavu la jioni. Umeme ukikatika, na umeme wa Arua huondoka bila kuaga, alituambia tufumbe macho na kuisimulia picha tuliyokuwa tunaifanyia kazi, tabaka kwa tabaka, mpaka urudi. Nililipenda sana zoezi hilo wakati ule.

Muhula ulipokuwa katikati, lori lilimgonga kaka yangu barabarani, akiwa kwenye pikipiki yake, anatoka kupiga picha za harusi. Aliyeniambia ni mama mdogo, dada yake mama, ambaye nilikuwa nakaa kwake Pajulu. Alinikuta nje naosha brashi. Aliniambia, nikamalizia kuosha brashi, nikazipanga dirishani zikauke, ndipo nikaingia ndani kutafuta kitenge cha kujifunga.

Nilipofika nyumbani Midia udongo ulikuwa umesharudishwa. Mimi sikumwona. Na mama pia hakumwona, ingawa alikuwa palepale tangu mwanzo: wazee walikataza sanduku lisifunguliwe, wakasema sura imeharibika, mama abaki na ile anayoijua. Walimwambia hivyo kwa wema. Mama alikaa mkekani akilitazama sanduku lililopigwa misumari mpaka likabebwa, na baada ya hapo akaendelea kupatazama pale lilipokuwa.

Sikulia. Nalisema mwenyewe kwa kuwa shangazi zangu walishalisema kabla yangu, tena kwa sauti ya kusikika uani. Nilisonga ugali wa muhogo, nikateka maji, nikawaandalia waombolezaji mahali pa kulala. Nilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unauona ni wako, ila ukiufinya hausikii. Nilijifinya kweli, hapa juu ya goti, nikiwa jikoni peke yangu. Kisha nikarudi chuoni.

Kwetu msiba hauishi kwa kuzika. Unaachwa ukae kwa miezi, mpaka mavuno yaingie na kwete, pombe yetu ya nafaka, ichachuke, ndipo ukoo unakusanyika kwa ngoma kumaliza matanga. Siku hiyo picha ya marehemu hubebwa mbele ya wachezaji, na jamaa huvaa fulana zilizochapwa sura yake kifuani. Ngoma ikinyamaza, msiba umefungwa. Kwa hiyo picha lazima iwepo kabla ya ngoma. Baada ya ngoma haina kazi.

Baba alinipigia simu. Baba ni askari mstaafu, Mkakwa, na mama ni Mlugbara. Walikutana wakiwa na Kiswahili cha kambini tu baina yao, na hicho ndicho walichotulea nacho. Baba hata akiomba chumvi anaamuru. "Wewe iko nasoma mambo ya picha," alisema. "Tengeneza ya ndugu yako." Nikasema sawa. Akaanza kuniambia mambo ya suti, lakini simu ikachukuliwa mkononi mwake na nikasikia pumzi ya mama.

"Mimi nataka ile yeye naangalia mimi," mama alisema. "Watu walikataa kuonesha mimi yeye. Sasa wewe onesha mimi."

Nikasema sawa, kwa sauti ileile niliyomjibu baba. Sikujua bado nimekubali nini.

Mtu anayeshika kamera hayumo kwenye picha. Ni jambo la wazi kama mchana, lakini mpaka mtu afe huwezi kulitambua. Nililetewa kompyuta yake ndogo na diski yake ya kuhifadhia, na ndani kulikuwa na nusu ya Koboko: maharusi, wasimamizi wa harusi, watoto wenye krimu ya keki puani, maaskofu, mama wakwe waliokasirika. Yeye hakuwepo. Picha za kujipiga mwenyewe alizidharau, alisema ni za watu wasio na kazi. Kwenye simu za rafiki zake alikuwa ukungu, mtu anayegeuka, mkono ulioinuliwa kusema msinipige. Kitambulisho cha taifa kilikuwepo, nacho kilimchukiza mama. Alisema hiyo ni sura ya mtu ambaye polisi nashika. Hakukosea sana. Tena nilipokikuza kwenye skrini, macho yalikuwa madoa mawili ya kijivu, kama majivu yaliyodondoka kwenye karatasi.

Basi nikaanza kumtafuta pembeni. Kivuli chake nilikipata kwanza, viwiko nje, kimelala kwenye nyasi mbele ya familia moja iliyopanga mstari. Nilimpata kwenye mlango wa gari la bi harusi, amepindika kwenye rangi yake inayong'aa, miguu mifupi na kichwa kirefu. Nilimpata mdogo kama punje ya mtama kwenye miwani ya bwana harusi. Kila nilipompata nilimkata, nikampa tabaka lake, nikaliandika jina: sikio, kidevu, mstari wa nywele. Nilifanya hivyo chuoni mchana na Pajulu jioni, na nakiri nilikuwa na raha fulani, ile raha ya kuokota. Mama mdogo alikuwa akipita nyuma yangu na sahani, anasimama, anapumua, anaondoka. Aliona nimekuwa na moyo mgumu. Mimi niliona nina kazi.

Picha iliyonisaidia kuliko zote ilipigwa saluni. Bi harusi amekaa mbele ya kioo kikubwa, anatiwa wanja, na nyuma yake ndani ya kioo kaka yangu amesimama wima, karibu, kwa mwanga mzuri wa dirisha kutoka kushoto. Mdomo wake ulikuwepo, umebana upande mmoja kama alivyofanya akihesabu mwanga. Shavu lilikuwepo, na kovu dogo la kidevuni alilopata kwa kuanguka kwenye jiwe la kusagia. Pua nusu. Juu ya pua ilikuwa kamera. Nikafungua picha iliyofuata, na ya baada yake, na zote za siku hiyo, nikisubiri aishushe. Hakuishusha. Mtu akipiga picha anafunika macho yake. Ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo nilikuwa na uso mzima usio na macho, na mama alikuwa ameomba kuangaliwa.

Nilijaribu kuyachora. Naweza kuchora macho, Mungu ananijua, lakini kila jicho nililochora lilikuwa jicho tu, halikuwa la mtu. Nilijaribu yale ya kitambulisho, nikayapaka, nikayasafisha, yakawa macho ya samaki. Siku za ngoma zilikuwa zinakaribia na baba alikuwa anapiga simu kuuliza kazi imefika wapi, kama aulizaye mtaro wa kambi umefika wapi.

Tangu utotoni watu walisema mimi na kaka tumegawana macho. Kope nzito, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Sista mmoja wa shule ya msingi aliwahi kunipiga kwa kosa la kusinzia na sikuwa nimesinzia. Basi mchana mmoja darasa likiwa tupu nilisimama kando ya dirisha, nikatafuta pale ambapo mwanga unanipata kutoka kushoto, nikaiegemeza simu kwenye kopo la brashi na kujipiga picha ya uso. Nikayakata macho yangu. Nikakoleza nyusi, nikaongeza wekundu kidogo kwenye weupe, maana kaka alikula vumbi la barabara miaka yote, nikachora mikunjo miwili pembeni. Nikayateremsha mahali pake. Yalikaa bila kuvutwa huku wala huku. Kaka yangu alikuwa ananiangalia.

Nilisubiri nishtuke. Nilikaa pale mikono ikiwa mapajani, nikasubiri kwa uaminifu kabisa. Halafu nikahifadhi faili, nikaenda kula maharagwe.

Ile picha ilikuwa pia zoezi langu la muhula, sura ya mtu iliyojengwa kutoka vyanzo vingi. Kwa hiyo ilibandikwa ukutani pamoja na za wenzangu, na darasa zima likazunguka kuisema, ndivyo tulivyofanya kila wiki. Sikuwa nimemwambia mtu ni nani. Mmoja alisema pua ni kubwa mno kwa uso ule. Mwingine alisema shingo inaonekana imeazimwa, na kwa kweli ilikuwa imeazimwa, ya binamu. Nikaandika: pua, shingo. Mwenzangu mmoja aliuliza huyu ni nani, nikajibu, mtu tu. Mwalimu alisogea karibu akaitazama kwa muda, akasema kila kitu hapa kimetengenezwa vizuri, ila macho ndiyo pekee yaliyo hai. Alisema kwa kusifu. Nilimshukuru.

Suti ilinigombanisha na baba. Mimi nilitaka lile koti la mifuko mingi alilovaa kazini. Baba alisema mtoto wake haendi mbele ya watu kama fundi. Nilitoa sauti, akatoa kubwa zaidi, tukaishia katikati: niliipiga picha suti ya baba mwenyewe, ya sikukuu, ikiwa imetundikwa kwenye kamba ya nguo, nikamvalisha hiyo. Anga la buluu nililikataa katakata. Nilimwekea ukuta wa nyumba yetu.

Mafundi wa Arua waliichapa kubwa, ikatiwa fremu na kioo, na fulana zikachapwa rundo zima. Nilisafiri nazo mpaka Midia, fremu imefungwa kwenye blanketi.

Siku ya ngoma walikuja kutoka kila upande, wengine mpaka ng'ambo ya mpaka. Picha iliwekwa kwenye kiti mbele ya nyumba, na watu walipoiona walishika vinywa. Walisema ni yeye. Mzee mmoja aliisalimia kabisa, kwa jina. Shangazi zangu, walewale, walikuja kunishika mikono na kusema Mungu ameniona. Halafu ngoma ikapigwa, picha ikainuliwa mbele, nao wakaifuata kwa vumbi, wakubwa na wadogo, kila mmoja na ile sura kifuani, ikirukaruka juu ya matiti na matumbo, ikilowa jasho. Popote nilipogeuka nilikuwa najiangalia. Macho yangu yalikuwa yanalia kwa jasho la watu wengine na mimi nimesimama na jagi la kwete, mkavu. Nilicheza pia, maana asiyecheza anatafutwa sababu.

Mama hakucheza. Alikaa kwenye mkeka na picha ilipopita mbele yake aliiangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kichwa upande, kama anasikiliza. Nilidhani ameridhika. Jua lilipoanza kushuka wazee walinyamazisha ngoma, wakamwaga kwete kidogo chini na kusema maneno yao, na msiba ukafungwa. Kuanzia hapo hairuhusiwi kulia. Anayelia baada ya kufungwa, wanasema, anauita msiba mwingine uje.

Kesho yake asubuhi wageni wengi walikuwa wameondoka. Wanawake waliobaki walikuwa uani wanasugua masufuria kwa majivu. Mama aliniita ndani. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, sakafuni, naye amekaa mbele yake miguu imenyooshwa, kama anavyokaa akichambua maharagwe. Nikakaa karibu naye. Aliinua mkono akaufunika mdomo na kidevu cha kaka, akabakiza ile sehemu ya juu tu.

"Hii macho ni yako," alisema.

Sikukana. Nilimweleza yote, tena kwa kirefu, kama mwanafunzi anayetetea kazi yake: kwamba kamera ilikuwa inayafunika kila mahali, kwamba ya kitambulisho yalikufa nilipoyakuza, kwamba mwanga wa dirisha ulilingana. Aliitikia kwa kichwa taratibu, anafuata. Hakuwa na hasira. Aliniambia tu kwamba jana alitaka kumlilia mtoto wake kwa mara ya mwisho, na kila alipoiangalia picha aliona anamlilia mtoto aliye hai, basi akajizuia, akaogopa kuniletea mabaya. Ngoma imekwisha na hakulia.

Nilimwambia nitatengeneza nyingine. Nilisema bado kuna folda sijazifungua, kuna harusi za Yumbe, kuna memori kadi zake za zamani kwenye kopo, kuna watu ambao sijawauliza simu zao, na nikirudi Arua nitaanza na zile za ubatizo, maana kanisani kuna vioo. Nilisema kwa haraka. Mama alisubiri nimalize.

"Ya kwake utatoa wapi?" aliniuliza.

Aliniuliza kama anayetaka kujua kweli, kama vile mimi niliyesoma ningeweza kupajua mahali hapo na kumtajia. Nami nilifungua mdomo nimtajie. Tangu siku ile ya brashi nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa folda inayofuata. Sikuwa nimefiwa na mtu. Nilikuwa na mtu aliyesimama nyuma ya kamera, na nilikuwa nasubiri aishushe.

"Hakuna, mama," nilisema.

Nilijisikia nikilisema, na hapo nikajua ndugu yangu amekufa. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kichwa kwenye miguu ya mama, na uani nikasikia masufuria yakinyamaza. Mama aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa palepale, akaanza kulia na yeye.